Hirizi za Misri ya kale: zirudi kwao au zibaki Ulaya?

MkaaNgambo: Salaam wanajamvi. Jumamosi nilimpeleka binti yangu British Museum hapa London. Kuna kabati la hirizi za Misri ya kale, nyingine hazifiki urefu wa kidole chake cha mwisho. Ni miungu yao: Anubis kichwa cha mbweha, Thoth cha ndege kwarara, Khnum cha kondoo dume, Sekhmet cha simba jike. Ile ya Thoth ni ya kijani cha bahari, na mgongoni ina kitundu cha kupitisha uzi. Binti akaniuliza, "Baba, ilikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu. Mimi nasema zirudi. Misri wana sheria namba 117 ya mwaka 1983 inayokataza biashara ya vitu vya kale, na jumba lao jipya la makumbusho katika mji wa Giza lilifunguliwa rasmi Novemba 2025. Mnasemaje?

AbuuWawili: Zirudi zikafanye nini? Wamisri wengi leo ni Waislamu. Mtu mwenye kichwa cha mbwa ni ushirikina mtupu, waachieni Wazungu. Halafu ndugu yangu, mtoto unampeleka kutazama masanamu? Wenzio tunawapeleka madrasa.

MkaaNgambo: Binti yangu yuko juzuu ya tatu, alhamdulillahi. Malezi yangu yaache. Na ni mbweha, si mbwa.

SonaraMstaafu: Nizungumzie kazi ya mikono, ndiyo ninayoijua. Nyingi ya hizo si jiwe la thamani. Ni mchanga wa kwatzi uliosagwa, magadi kidogo, na shaba ya kuleta rangi. Unakanda, unakandamiza kwenye kalibu ya udongo, unaacha ikauke. Inapokauka magadi hupanda juu yenyewe, ukichoma unapata mng'ao bila kupaka kitu. Ndiyo maana hata mtu wa kawaida aliweza kuwa nayo. Na kichwa cha mnyama kilikuwa na maana: mbweha huzurura makaburini, wakamfanya mlinzi wa wafu. Ni kinga tu, kama bibi zetu walivyotufunga uzi mweusi utotoni.

AbuuWawili: Hapo umevuka mpaka, mzee. Bibi yangu humuweki kapu moja na Sekhmet. Hirizi yake ilikuwa Ayatul Kursiy ndani ya ngozi.

MamaPacha: Uliifungua ukaona? Yangu ilipasuka nikiwa darasa la tatu. Aya sikuiona, niliona karatasi ya viboksi vya namba na kipande cha mzizi. Mama alinichapa kwanza, kisha akalia. Tusijifanye hatujui. Wamisri wajawazito walikuwa na Taweret, kiboko mwenye tumbo kubwa, awalinde wakati wa kuzaa. Mimi niliyebeba mapacha siwezi kuwacheka wanawake wale.

AbuuWawili: Namba zile ni herufi kwa hesabu ya abjadi! Kila herufi ina namba yake. Uliza kabla ya kuhukumu.

MwanaHaki: Mada ni wizi, nyie mko kwenye bibi! Mwaka 2019 Christie's, kampuni ya mnada, waliuza kichwa cha sanamu ya farao Tutankhamun hapo hapo London, zaidi ya pauni milioni 4, na serikali ya Misri ilishapinga. Na Carter, Mwingereza aliyefukua kaburi la Tutankhamun, alimvua maiti yule kijana hirizi zaidi ya 140!

SonaraMstaafu: Ni vitu 143, si hirizi zote. Kulikuwa na pete, bangili na majambia. Na vya kaburi lile karibu vyote viko Misri, havikwenda Ulaya.

MamaPacha: Basi mmenitia swali jingine. Makuhani walizipanga ndani ya sanda, hii shingoni, hii kifuani, ili zikae na yule mtu milele. Aliyezivua awe Mwingereza au serikali ya Misri, maiti imebaki bila kinga yake. Zikitoka kabati la London zikaingia kabati la Giza, yeye amerudishiwa nini?

MwanaHaki: Dada, kwa hoja hiyo wezi watalala usingizi mnono.

MamaPacha: Sijamtetea mwizi. Nimemuulizia marehemu.

AbuuWawili: Hapo niko na Mama Pacha. Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita. Wakamwambia ni Myahudi, akasema, "Kwani si nafsi?" Maiti haivuliwi sanda, hata angekuwa mshirikina. Mimi ningesema wazifukie. Lakini mzee Sonara bado hajaomba radhi.

MkaaNgambo: Wazifukie? Kesho yake zitakuwa sokoni!

SonaraMstaafu: Abuu, kwa marehemu bibi yako naomba radhi, na Mungu amrehemu. Neno la kinga silifuti. Mama Pacha, vile viboksi vya namba vilikuwa vitatu kwa vitatu, au vinne kwa vinne?