Naombeni ushauri: mzee jirani kaniachia boti ya mashindano ya miaka ya 1950, niikarabati au niipakie kontena ilivyo?

Mbeba_Maji (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Naishi Kent, jimbo la Washington, kusini kidogo ya Seattle. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani wa miaka themanini na ushee, kaniachia boti ya mbao aliyokuwa akishindania ujanani. Wenyewe wanaiita haidropleni. Urefu kama futi 10, omo butu, mbele pembeni ina miguu miwili kama viatu, nyuma inafungwa injini ya Mercury Mark 20H ya kuwashia kamba. Haina gia ya kupumzikia. Ikishika moto tu boti imeondoka, ndiyo maana lazima mtu aingie majini aishike tezi, yaani mwisho wa nyuma.

Nimekaa na huyu mzee gereji kwake jioni nyingi za kiangazi. Hadithi ni zilezile, lakini hazichoshi: walivyokuwa wakikimbizana kwenye ule mto mwembamba wa Sammamish, kona juu ya kona, watu wamejaa kingoni hadi boti inawarushia maji. Anasema wale walioshindana kwenye makundi ya injini za methano, pombe ya kuunguza, walichanganya na mafuta ya nyonyo, na hadi leo akiisikia harufu hiyo anageuza shingo.

Sasa plaiwudi ya chini imeanza kuachana na mataruma, gundi inapukutika unga. Nibandue niweke mpya, au niipeleke Tanga ilivyo? Nina nafasi kwenye kontena na muda ni mdogo. Nawasilisha.

Nguli_wa_Kijiwe
Ngoja waje wenye vyombo vyao. Mie nimekaa paleee.

Kalafati
Mkuu weka msasa chini kwanza. Mimi nipo Wisconsin, huku ndiko nyumbani kwa hizi injini za kupachika. Ole Evinrude alianzia Milwaukee mwaka 1909, na Mercury nayo ni ya jimbo hili. Kazi yangu ni kutengeneza boti.

Elewa ulicho nacho. Boti za mbio za zamani zaidi zilikuwa na ngazi moja chini ya tumbo: maji yanagota pale, nyuma ya ngazi panaingia hewa, msuguano unapungua. Miaka ya 1930 ukoo wa Apel, kiwanda cha Ventnor kule New Jersey, ukaleta umbo la nukta tatu. Hiyo miguu yako, sponsoni, ni nukta mbili; ya tatu ni tezi. Ikichanganya, boti haielei tena. Inagusa maji sehemu hizo tatu ndogo, na hewa inayobanwa katikati inainyanyua. Mwaka 1950 boti ya Slo-mo-shun IV iliweka rekodi ya dunia hapo hapo Ziwa Washington, maili 160 kwa saa, kwa umbo la namna hiyohiyo. Ila ile ilikuwa na injini ya ndege, Allison, na nusu ya propela yake ilikuwa inazunguka nje ya maji.

Hewa hiyohiyo ikizidi, omo inanyanyuka na boti inapinduka kinyumenyume. Kwa hiyo pembe ya chini ya sponsoni ndiyo roho ya chombo. Ukibandua plaiwudi ukairudisha imejipinda unene wa kadi ya benki, umeunda boti nyingine. Weka rula iliyonyooka, piga picha, andika vipimo kabla hujatoa skrubu hata moja. Gundi kupukutika ni kawaida, zile za unga za enzi hizo ndivyo zinavyozeeka.

Sitaha bado ni ya asili?

Mie_wa_Kizimkazi
Mmenikumbusha ami yangu. Resi za ngalawa, yeye anaongoza, watu tumeshaanza kumpigia vigelegele. Bwana kapita mstari wa mwisho, kapita na waamuzi, tukamuona anaishilia rasini. Karudi magharibi. Kumbe ng'ambo kulikuwa na arusi na yeye alialikwa. Zawadi akapewa wa pili, na hadi anakufa akisema kaibiwa.

Mbeba_Maji
@Kalafati shukrani sana, hii ndiyo elimu niliyoitaka. Sitaha nimeshaitoa. Ilikuwa imelegea hata hivyo.

Kalafati
Umeitoa KABLA ya kuomba ushauri?

Shangazi_wa_Houston
Mwanangu, mimi ya mbao siyajui. Nauliza ya watu. Huyo mzee hana watoto? Wazungu nao wana urithi, wana mawakili, wana kumbukumbu. Mimi nimelea wazee huku miaka mingi, nimeona familia zikigombana kwa sababu ya kiti cha kutikisika. Mzee wa watu amekuamini, usije ukaingiza mguu kwenye ugomvi wa damu.

Mbeba_Maji
Shangazi shikamoo. Hamna ugomvi. Mzee kaniambia mara nyingi, "hii ni yako." Tulikuwa wawili tu lakini alisema.

Wakili_Bila_Joho
Trela ina usajili kwa jina la nani?

Mbeba_Maji
Mkuu hapa tunazungumzia boti.

Wakili_Bila_Joho
Ndiyo. Na boti imekaa juu ya trela. Jina la nani?

Mbeba_Maji
Bado la mzee. Sijapata nafasi ya kushughulikia.

Mchoma_Mahindi
Samahani wakuu, mimi nanusa chai hapa, tena ya rangi. Nimeingia mtandaoni kidogo. Moja: eti huko wanasema boti ya plaiwudi yenye kiinjini cha silinda mbili inakimbia maili 60 kwa saa? Mbili: kuna picha mtu anaendesha kapiga magoti. Nani anashindana kapiga magoti, ni ibada? Tatu, na hili ndilo kubwa: mwanzo mzee "kaniachia", nikajua marehemu. Halafu "anasema", halafu "anageuza shingo hadi leo". Marehemu gani anageuza shingo? Mleta uzi katupiga kamba.

Nguli_wa_Kijiwe
😂😂 Mzee kafufuka ukurasa wa kwanza tu.

Kalafati
Mbili za kwanza umekosea. Boti tupu ya aina hiyo watu wawili wanaibeba mikononi, kwa hiyo maili 60 si hadithi. Na kupiga magoti ni kweli: dereva yupo nyuma karibu na tezi, mkono mmoja usukani, mwingine unabana mkono wa mafuta, akiuachia injini inatulia. Magoti ndiyo springi yake. Baadaye wakabuni umbo la dereva kukaa mbele, na Hu Entrop, hapo hapo Ziwa Washington mwaka 1958, akafika maili 107 kwa injini ya kupachika. Ilikuwa rekodi ya dunia kwa injini za namna hiyo.

La tatu hata mimi nasubiri jibu.

Msee_wa_Tacoma
Na hiyo Kent yenyewe si ndiyo iko na makumbusho ya hizi haidropleni? Mimi hupita hapo nikienda job. Kama boti ni ya ukweli, ungeenda hapo ukaulize bure, badala ya kuuliza watu wa Tanga.

Mbeba_Maji
Makumbusho nayajua. Nilifika mpaka mlangoni. Nikafikiria wataanza na maswali ya karatasi, nikaondoka.

Haya, mzee yu hai. Sikusema amekufa, ni ninyi mliojaza. Yupo kwenye nyumba ya wazee tangu mwaka jana, kumbukumbu zinakwenda na kurudi. Jina langu analisahau, ila ukimtajia kona za Sammamish anazipanga zote kwa mikono hewani. Ana binti mmoja, anaishi Spokane. Alinipigia simu akasema nyumba inauzwa, atakuja kuchukua "boti ya baba". Kwenye miaka yote niliyokaa hapa sijamuona gereji hata siku moja! Mimi ndiye niliyekuwa nasafisha panya humo. Nafasi ya kontena nimeshalipia nusu na hairudishwi.

Shangazi_wa_Houston
Niliuliza mapema, mwanangu.

Wakili_Bila_Joho
Kwa hiyo huna karatasi, trela si yako, mwenye mali akili inamtoka, na mrithi kashakwambia anaitaka. Kisha uipitishe bandarini. Mkuu, hilo lina jina lake na si ukarabati.

Kalafati
Swali moja. Ubavuni, boti hizi karibu zote zilikuwa na namba na jina. Yako iliitwaje?

Mbeba_Maji
Kwa nini unauliza?

Kalafati
Kwa sababu umesema umekwangua, na hujataja.

Mbeba_Maji
Sijasema nimekwangua. Lakini ndiyo, upande wa kushoto. Chini ya rangi nyekundu kulikuwa na herufi za mkono, nyeupe, zimezungushiwa mstari wa dhahabu mwembamba sana. Ni jina la huyo binti. Upande wa kulia bado lipo.

Msee_wa_Tacoma
Wueh.

Mie_wa_Kizimkazi
Yakhe, hapo hata ami yangu angeligeuza ngalawa.

Mchoma_Mahindi
Nafuta kauli ya chai. Hii ni kweli, maana muongo angejipangia hadithi inayompendeza.

Mbeba_Maji
Nisikilizeni basi kabla hamjanihukumu. Watoto wa Seattle enzi zile walikuwa wanatengenezewa vihaidropleni vya ubao, wanavikokota kwa kamba nyuma ya baiskeli. Mzee alimtengenezea binti yake kimoja, kipo ukutani gereji, rangi zilezile. Inawezekana kabisa "boti ya baba" anamaanisha hicho. Hicho nitampa, hata leo, na nitakifuta vumbi.

Wakili_Bila_Joho
Mtumie ujumbe umuulize ni ipi.

Mbeba_Maji
Nikimuuliza ataniambia.

Nguli_wa_Kijiwe
😂😂😂 Uzi ufungwe.

Kalafati
Rudisha sitaha kwa skrubu zilezile, matundu yaleyale, usipake kitu. Upande wa kulia usiuguse. Upande wa kushoto, kama kuna mwanga wa pembeni, herufi zilizopakwa kwa mkono mara nyingi huacha alama kwenye ubao. Piga picha usiku kwa tochi iliyolazwa, fundi wa maandishi anaweza kuzifuata. Mengine sina ushauri.

Mbeba_Maji
Nitaliangalia hilo la tochi. Ila niseme tu kwamba huyo binti hata akiichukua ataiweka kwenye gereji nyingine ioze. Mimi ningeishusha majini pale Raskazone, watu waione inakimbia.

Shangazi_wa_Houston
Na akitaka ioze, ni yake kuioza.

Samaki_Sangara
Wakuu nimechelewa, nipo Mwanza. Haya ya familia siyaingilii. Hiyo Mark 20H peke yake, bila boti, unaiachia kwa bei gani?

Mbeba_Maji
Njoo PM mkuu.