Naomba uzoefu: namna ya kuwaandaa wahamasishaji wa afya ya familia na mazoezi katika mtaa

Mratibu wa Kikundi, Temeke

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaratibu kikundi cha kujitolea katika mtaa mmoja wa Tandika. Tunao wahamasishaji wapatao 20: wengi ni akina mama wa vikoba, wapo vijana wachache wa klabu ya jogging, na wapo mabalozi wa mashina wanaoheshimika. Serikali ya mtaa imeturuhusu tuwaandae ili wapite nyumba kwa nyumba wakizungumza na familia kuhusu lishe, presha, kisukari na mazoezi. Fedha tuliyo nayo inatosha ukumbi, chai na nauli kwa siku 2 tu.

Kinachonisumbua ni mafunzo yenyewe. Baadhi yao waliwahi kufundishwa na shirika moja kwa kusomewa mada tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, wakatoka na madaftari yaliyojaa. Nilipowasindikiza majumbani niliwaona wakisoma daftari mbele ya mwenye nyumba kana kwamba wanasoma tangazo. Mama mmoja aliyekuwa barazani akikanda unga wa chapati aliwasikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaambiwa anatakiwa kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, akajibu kwa upole, "Haya wanangu, nimesikia," akaendelea kukanda. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Naomba mnisaidie: katika siku hizo 2 tufundishe nini, tuache nini, na tufundishe kwa namna gani?

Muuguzi Mstaafu, Ilala

Ndugu mratibu, nimekuwa muuguzi wa afya ya jamii hadi nilipostaafu, na hilo uliloliona barazani nimeliona katika mitaa mingi. Wahamasishaji wako hawana kosa. Mtu hufundisha jinsi alivyofundishwa, na aliyesomewa mada kutwa nzima naye atakwenda kuwasomea wengine.

Jambo la kwanza, zitenganisheni hizo siku 2. Fanyeni moja, kisha wapeni kama wiki 3 za kutembelea kaya chache, wakienda wawili wawili, ndipo muwaite kwa siku ya pili warudi na yale yaliyowashinda. Maswali watakayorudi nayo ndiyo yawe mada za siku hiyo, nayo hayatafanana na yale ambayo wewe au mimi tungeyaandika tukiwa mezani.

Nusu nzima ya siku ya kwanza itumike kwa igizo dhima. Mmoja awe mwenye nyumba, mwingine awe mgeni, wa tatu atazame na kueleza alichokiona, kisha wabadilishane. Mazungumzo yawe na mpangilio ambao hata asiyejua kusoma anaushika: bisha hodi, salimia, kaa ukikaribishwa, uliza siku ya mwenye nyumba inakwendaje, sikiliza, omba ruhusa ya kusema jambo, sema jambo moja, halafu mwombe akueleze kwa maneno yake alivyoelewa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo huachwa mara nyingi, nami naiona kuwa yenye thamani kuliko zote, kwa sababu mtu akisema "nimesikia" bado hujui amesikia nini.

Tumchukue huyo mama wa chapati. Angeulizwa, huenda angesema kwamba anaamka saa kumi alfajiri, anabeba ndoo za maji, kisha anakaa kwenye kigoda mbele ya jiko hadi adhuhuri, na kwamba mgongo unamuuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani kila wiki, na kazi za nyumbani na kutembea kwenda kwenye shughuli zinahesabiwa humo. Tena mwongozo huo uliondoa sharti la zamani kwamba shughuli isiyofika dakika 10 mfululizo isihesabiwe. Kwa hiyo zile ndoo zake zinaingia katika hesabu, na ni haki yake aambiwe hivyo kabla ya kuambiwa lolote jingine. Kinachomfaa yeye ni kuinuka kigodani kila amalizapo donge moja la unga, anyooshe mgongo, na angalau siku 2 za wiki afanye mazoezi ya kuimarisha misuli.

Lakini katika nyumba hiyo hiyo huenda yupo mume anayeendesha daladala, ambaye hukaa kwenye usukani tangu alfajiri hadi usiku na kula chipsi na soda za kituoni. Huenda yupo bibi ambaye tangu aanguke bafuni hataki tena kutoka nje, na wapo watoto ambao wakitoka shule huingia twisheni, ilhali mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kucheza na kukimbia kila siku. Hao wote ndio familia. Mhamasishaji azoezwe kumuulizia kila mmoja wao, na asiishie kwa mama aliyemkuta barazani kwa sababu tu ndiye aliyekuwepo.

Kuhusu lishe nisiseme mengi: chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tukihesabu pamoja na ile iliyomo katika viungo vya pakiti, sukari ya chai ipunguzwe, na mchicha, matembele na dagaa vipewe heshima yake mezani.

Ikiwa mna mashine ya kupimia presha, itengeeni saa nzima, maana kipimo kibaya humtia mtu hofu bure au humpa matumaini ya uongo. Anayepimwa awe amekwenda haja ndogo, akae ameegemea kiti kwa dakika 5, nyayo zikanyage chini, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, na mkanda uvishwe kwenye ngozi, si juu ya shati wala mkono wa dera. Ikisoma 140/90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine na aelekezwe zahanati. Ikifika 180/110, aende siku hiyo hiyo. Kusema kwamba mtu ana ugonjwa ni kazi ya mtaalamu, na wahamasishaji walijue hilo mapema, pamoja na kwamba hawaruhusiwi kabisa kumshauri mtu aache au abadilishe dawa.

Mwalimu wa Mazoezi, Kinondoni

Shikamoo mama muuguzi. Naomba niongeze upande wa mazoezi yenyewe.

Mratibu, vijana wako wa jogging ni hazina, ila wafundishwe kupunguza mwendo. Klabu zetu hukimbia zikiimba, kwa kuwa miili ya wale vijana imeshazoea. Mama anayeanza leo akiwafuata, baada ya hatua chache hawezi hata kuitika, na Jumapili inayofuata hataonekana tena. Wafundisheni kipimo kisichohitaji kifaa chochote: kwa kiasi cha wastani, mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, akishindwa kuzungumza, amezidisha, apunguze.

Fundisheni mazoezi machache yanayowezekana uani. La kwanza ni kuinuka kitini na kuketi bila kushika kitu. Wekeni kiti cha mbao ukutani ili kisiteleze, mtu akae mbele kidogo ya kiti, mikono aikunje kifuani, ainuke polepole hadi asimame wima, kisha aketi bila kujiangusha. Bibi aliyewahi kuanguka aanze kwa kushika meza, na baadaye asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika fremu ya mlango, huku mtu yupo karibu naye. Walio na miaka 65 na zaidi wanashauriwa mazoezi ya kusawazisha mwili na ya nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Mjamzito asiye na tatizo aendelee kutembea, ila baada ya miezi 3 ya mwanzo asifanye mazoezi akiwa amelala chali.

Saa ni jambo kubwa hapa Dar es Salaam. Kuanzia Desemba hadi Machi joto na unyevu ni vikali, hivyo pangeni saa kumi na mbili asubuhi au jioni baada ya jua kupoa, na masika yakianza muwe na baraza au darasa la kujihifadhi. Akina mama wengi hawako radhi kufanya mazoezi kiwanjani mbele ya macho ya watu. Uani, wakiwa na kanga zao na mwalimu mwanamke, watakuja. Wale walio radhi wapelekeni viwanja vya Mwembe Yanga Jumamosi ya pili ya mwezi, siku ambayo Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Makamu wa Rais, alihimiza mwaka 2016 iwe ya mazoezi nchini kote.

Na kila mhamasishaji azijue dalili za kusimamisha zoezi mara moja: maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukata isivyo kawaida. Mwenye kisukari anayetumia insulini awe na kitu cha sukari karibu, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka.

Mhudumu wa Afya ngazi ya Jamii

Shikamooni wakubwa zangu. Ningeomba mratibu awasiliane na mganga mfawidhi wa zahanati yenu kabla ya mafunzo, si baada yake. Mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024 umekusudia kila mtaa uwe na wahudumu 2 waliopata mafunzo ya miezi 6. Kama kwenu wapo, waingie darasani pamoja na hao wahamasishaji, ili mwenye nyumba asipate maneno mawili yanayopingana kutoka kwa watu wawili wa mtaa mmoja. Pia fundisheni kutunza siri. Watu wa uswahilini tunaishi ukuta kwa ukuta. Presha ya jirani ikijulikana kwenye kikoba, mlango ule hautafunguliwa tena.

Mratibu wa Kikundi, Temeke

Shikamoo mama muuguzi, na nawashukuru sana nyote. Nimeshaongea na mwenyekiti wa mtaa na tumekubaliana kuzitenganisha siku hizo. Nina swali moja lililobaki: nitajuaje kama kazi inafanyika vizuri, bila kuwajazisha watu fomu?

Muuguzi Mstaafu, Ilala

Marahaba, mwanangu. Daftari moja lenye safu 3 litatosha: jambo ambalo familia ilikubali kulijaribu, kama limefanyika hadi ziara iliyofuata, na kilichozuia. Usihesabu nyumba zilizotembelewa, kwa sababu ukifanya hivyo watakimbilia idadi. Soma safu ya tatu pamoja nao kila mwezi, na nenda mwenyewe na kila jozi mara kwa mara, ukae kando, usikilize. Familia ziandikwe kwa namba bila majina, na daftari likae kwa mhudumu wa afya badala ya ofisi ya mtaa, ambako kila mwenye shida ya barua hupita.