Mrejesho: programu ya stoo iliyodai maktaba haipo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini programu ya stoo yetu hapa Kariakoo inagoma kuwaka kwenye seva ya Ubuntu, ikidai haioni maktaba (faili la msimbo ambalo programu inalitegemea) ya libstoo.so.1, wakati toleo lake, libstoo.so.1.4, nimeliweka kwenye folda ya /usr/local/lib.

Imewaka! Mkuu aliyesema niendeshe ldd (amri inayoonyesha maktaba ambazo programu inazihitaji na zilipo) alilenga penyewe: jina hilo lilitokea bila njia (anwani ya faili) yoyote mbele yake. Kumbe kipakiaji (sehemu ya mfumo inayoitafutia programu maktaba zake inapowaka) hakipekui diski nzima; kinategemea orodha ya /etc/ld.so.cache, na maktaba mpya haikuwemo. Nikaendesha sudo ldconfig (amri ya kusasisha orodha hiyo), kwisha kazi. Ikaiingiza kwenye orodha, ikatengeneza na kiungo cha libstoo.so.1 kinachoelekeza kwenye libstoo.so.1.4, kwa kufuata soname (jina ambalo programu huitafutia maktaba) iliyoandikwa ndani ya faili lenyewe.

Mliopendekeza LD_LIBRARY_PATH (kigezo cha kukitajia kipakiaji folda za ziada za kutafuta), asanteni, ila hiyo naiona ya kujaribia tu. Programu za setuid (zinazoendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili) huipuuza.