Mrejesho: vifungashio vya chipsi za kubeba

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kifungashio gani kitafikisha chipsi zikiwa kavu kutoka kibandani kwangu Majengo hadi kwa wateja wa Area D, maana kwenye boksi la foili zilikuwa zinafika zimelegea kama zimechemshwa.

Aliyesema tatizo ni mvuke alilenga penyewe. Ukizifunika kabisa zikiwa za moto, mvuke unageuka maji chini ya mfuniko na kuzidondokea. Sasa natumia boksi la karatasi ngumu ya kaki lenye matundu ubavuni, chini natandika karatasi ya kunyonya mafuta. Naziacha zichuje kwanza, hata bodaboda akipiga honi. Kachumbari ina kikopo chake. Chipsi mayai zimebaki kwenye foili, hazina shida.

Boksi ni ghali, kwa hiyo bei imepanda kidogo. Wateja walinuna, wakazoea. Na nyie mliopendekeza rambo, jamani, mifuko ile ilipigwa marufuku tangu Juni 2019!

Bado supu. Mwenye kikopo kisichovuja kwenye matuta, aniambie kinapouzwa hapa Dodoma.