Mwalimu wa baiolojia nataka kuingia kwenye dokumentari za sayansi, naanzia wapi?

ticha_mbagala: Wakuu habari za saa hizi. Nafundisha baiolojia sekondari mwaka wa 6 huu, jioni naandika vitu vya sayansi kwa Kiswahili cha kawaida huko feisibuku na watu wanasoma kweli, sasa roho inanituma niache chaki nifanye dokumentari kabisa. Kamera sina, nina simu tu, na waifu kila nikigusia hii ishu ananiuliza kodi. Waliofika mbali waliingiaje?

pweza_wa_feri: Ticha chaki usiache kwanza 😂 David Attenborough mwenyewe, yule Mwingereza wa filamu za wanyama, aliomba kazi ya redio BBC wakamtosa, akaja kuingia upande wa TV 1952. Kazi yake ilikuwa nyuma ya kamera, 1954 jamaa wa zoo ya London aliyekuwa anatangaza kipindi akaugua ndo yeye akasukumwa mbele. Baadaye akawa bosi wa BBC Two, miaka ya 70 akabwaga ubosi akarudi kwa wanyama, ile kazi yake kubwa ya historia ya viumbe imetoka 1979 keshavuka 50. Kwa hiyo hujachelewa.

da_skripti: Yeye alikuwa na BBC mgongoni, huku kwetu mgongoni una mkoba tu. Mi nafanya hizi kazi, hela nyingi inatoka kwenye miradi ya utafiti, mtafiti anataka watu waelewe alichogundua na yeye kuongea hawezi, hapo ndo unaingia wewe unayejua kuandika. Kamera utaazima. Mtu anarekodi twiga masaa kumi akikaa kuedit hana cha kusema! Halafu kibali Bodi ya Filamu, usijifanye mjanja.

ticha_mbagala: Asante dada. Ila Serengeti hata nauli sina.

mzee_wa_kilwa_road: Serengeti ya nini mwanangu? Kule yule Mjerumani wa wanyama, Bernhard Grzimek, na mwanae Michael walishahesabu wanyama kwa ndege ya mistari ya pundamilia, kijana akafa nayo Januari 1959, filamu yao ikabeba Oscar, tangu hapo kila mwenye kamera anakimbilia hukohuko. Wewe una kunguru hapo dirishani. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti wale takataka, leo wanakomba mayai na vifaranga vya ndege wetu mji mzima. Nani kawaelezea vizuri kwa Kiswahili?

ticha_mbagala: Mzee umeniua. Kuna mmoja juzi kaondoka na kibua cha waifu kutoka kwenye sufuria, naanza na huyo.