UKOO WA KIKWAJUNI 🌴

Ijumaa

Da Rukia (20:02): Assalaam alaykum nyote. Nilisema Jumatatu, nikasema jana, leo ndo mwisho. Chuo cha muziki kinapokea hadi Alhamisi. Yusra na Maulidi wamesikilizwa, wote wawili wamekubaliwa. Mchango mpaka sasa elfu 45, na 30 humo ni yangu.

Da Rukia (20:03): Ada ya miezi sita kwa wawili laki 4. Nyuzi za kanuni, ile ala ya Yusra, mbali.

Da Rukia (20:31): Naona mmesoma watu 14. Mikono hamna?

Kaka Juma: Waalaykum salaam. Maulidi ndo nani tena?

Da Rukia: Mtoto wa Bi Tatu wa urojo. Yule mwenye fidla ya nyuzi tatu, na usipotazama hujui kama wa nne umekatika.

Kaka Juma: Si wa ukoo.

Da Rukia: Na biriani ya harusi yako nani alikesha nayo jikoni? Ukoo?

Hamad Muscat: 😂😂 Juma umenaswa

Da Rukia: Hamad kumbe upo. Basi toa riali kumi.

Hamad Muscat: Mwisho wa mwezi inshaallah

Da Rukia: Taja na mwaka.

Mwanaidi: Kanuni atapata wapi lakini? Nyuzi sabini na kitu zile, ukimaliza kuzitia sauti magharibi imeingia.

Da Rukia: Atatumia ya chuo. Ya nyumbani ndo hakuna. Mwalimu wake anasema ukimpigia kidogo tu anakwambia maqamu, yaani mahadhi yake: hii rasti, hii bayati. Vile vibati vya kanuni vya kupandisha robo sauti anavipandisha bila kutazama. Miaka 16!

Ami Suleiman: Hayo kayapata kwenye tajwidi. Maqamu ni hizo hizo. Mngemwacha huko huko.

Da Rukia: Shikamoo Ami. Kwa heshima zako, Sultani Seyyid Barghash alimtoa Mohammed bin Ibrahim hapa hapa Unguja akampeleka Misri kujifunza muziki. Karudi, ndo kundi la taarab la kwanza likaundwa. Kasomeshwa mtu mmoja tu.

Hamad Muscat: Barghash alikuwa na karafuu, wewe una genge la vitunguu 😂

Shemeji Khatib: Vitunguu kilo bei gani Darajani sasa?

Mwanaidi: Nenda Mwanakwerekwe, Darajani watakuchuna

Shemeji Khatib: Vya Mwanakwerekwe vina maji

Da Rukia: JAMANI.

Da Rukia: Siti binti Saad katoka Fumba na vyungu vya kuuza. Kaingia mjini 1911, Muhsin Ali akamfunza. 1928 yuko Bombay anatia sauti kwenye santuri. Muhsin angesema si wa ukoo wangu?

Kaka Juma: Sawa. Lakini mara ya mwisho "kumpa mtu nafasi" uliondoka udi wa babu, ile ala yake ya nyuzi.

Mwanaidi: Juma.

Kaka Juma: Uongo? Udi na mikarafuu saba. 2009.

Hamad Muscat: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Hamad Muscat: Udi sikuuza mimi. Na nauli mlinipa nusu.

Kaka Juma: Nusu iliyokufikisha.

Shemeji Khatib: Mimi shemeji tu, nakwenda kulala 🏃🏾

Bibi Mkubwa (21:48): 🎤 Ujumbe wa sauti (1:47)

Mwanaidi: Nani aniandikie, niko kwenye daladala sisikii

Da Rukia (22:05): Naandika kama alivyosema. "Udi uliuzwa mbele yangu, uacheni. Rukia mwanangu, maneno yako mazuri. Siku tatu unamtaja Yusra. Mama yake yumo humu humu, hajatia neno. Nani kakwenda kwa Saada, akavua viatu, akakaa, akamuuliza? Na mtoto mwenyewe kasemaje?" Yaliyobaki kanisalimia watoto.

Da Rukia (22:41): Nilimpigia Saada Jumanne hakupokea.

Mwanaidi: Kupiga simu si kwenda, Da Rukia.

Ami Suleiman (22:58): Nimetuma elfu 20. Ya yule mtoto wa Bi Tatu. Yusra mama yake aseme.

Jumamosi

Mama Yusra (06:12): Sabalkheri. Nimesoma yote. Novemba ana mtihani wa kidato cha nne. Na hiyo kanuni inafunzwa saa ngapi, atarudi na nani, hakuna aliyeniambia. Njooni kesho baada ya laasiri. Rukia, na Juma pia.

Kaka Juma (09:40): Mimi tena nifuate nini?

Mama Yusra: Unajua.

Hamad Muscat: Da Rukia, nyuzi za kanuni nitaulizia huku Mutrah. Siahidi.

Da Rukia: Elfu 65. Alhamisi haisogei. Kesho nani ana gari?

Shemeji Khatib: Gari ipo. Mafuta ndo hayapo.