Kukutana na staa ana kwa ana: njia ipi inafanya kazi, ipi ni utapeli?

Mchora Penseli

Wakuu, salaam. Nachora picha za watu kwa penseli. Nimemaliza picha ya msanii mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, saizi ya A3, ipo kwenye fremu ya kioo. Mwezi ujao ana shoo Mwanza, Uwanja wa CCM Kirumba. Nataka nimkabidhi mkononi, nipige naye picha moja, na ikiwezekana aiposti. Inboksi ya Instagram nimeandika, kimya. Halafu kuna jamaa kanifuata WhatsApp, anasema ni msaidizi wake, nikilipa 85,000 ya "kadi ya ushabiki" ananiingiza nyuma ya jukwaa.

Wenye kuzijua hizi kazi naomba maelekezo ya vitendo. Na swali la pembeni: kwa nini mtu mzima anatetemeka mbele ya mtu ambaye hata hamjui?

Nawasilisha.

Kebo Nyeusi

Mkuu, kwanza itoe hiyo picha kwenye fremu. Kioo hakipiti getini. Wakaguzi wanazuia chupa, kioo, chuma na chochote kinachoweza kurushwa jukwaani. Na hata kikipita, msanii akimaliza shoo anaondoka usiku huo huo au alfajiri na mabegi ya nguo za jukwaani, hana pa kuweka fremu. Inaishia hotelini.

Fanya hivi. Ipulizie dawa ya kukazia penseli, pua ya kopo ikiwa mbali kidogo, tabaka mbili nyepesi, na uache ya kwanza ikauke kabisa. Spreyi ya nywele iache, baada ya muda karatasi inageuka njano. Weka karatasi laini juu ya mchoro, viringisha, ingiza kwenye bomba la kadibodi au plastiki lenye kipenyo cha sentimita 8 au zaidi. Bomba jembamba linaacha mikunjo ambayo hainyooki tena. A3 ina sentimita 29.7 kwa 42, kwa hiyo ukiiviringisha kwa upande mrefu, bomba la urefu wa sentimita 35 linatosha. Nyuma ya karatasi andika jina lako, ukurasa wako na namba ya simu, kwa penseli. Wino unapenya mbele. Watu wengi wanasahau kuandika nyuma, halafu wanalalamika kwamba staa hakuwataja. Atamtaja nani wakati chumba kina zawadi kumi na tano zisizo na jina?

Sasa siku yenyewe. Msanii mkubwa huji kumwona uwanjani mchana. Wanaotangulia ni watu wake: fundi sauti, DJ, madansa, mpiga picha. Hao wanakuja kupima vyombo kabla geti la watazamaji halijafunguliwa, mara nyingi kati ya saa nane na saa kumi na moja. Yeye anaweza asije kabisa, DJ akampimia. Anaingia jioni au usiku kwa mlango wa nyuma, anakaa chumbani, anapanda, anashuka, anaondoka.

Wengi wanamvizia akishuka. Hapo umechelewa. Kaloa jasho, sauti imekauka, gari limeshawashwa, na kutoka ngazi za jukwaa hadi mlango wa gari mabaunsa wana kazi moja tu, kumpitisha. Muda mzuri ni kabla hajapanda, wakati amekaa chumbani anasubiri zamu. Ila dakika kumi za mwisho usisogee, hapo anavalishwa vifaa vya masikioni, anaomba dua, na kila mtu mle ndani ana presha.

Wa kumwomba ni promota wa shoo, siyo meneja wa msanii. Meneja yuko Dar na simu yake ina maombi mia. Promota yuko Mwanza, anahitaji habari nzuri za tamasha lake, na picha ya kuchorwa ni habari nzuri. Kwa promota ombi linakwenda kwa meneja wa msafara, kisha kwa msaidizi, ndipo baunsa anaambiwa akuruhusu. Baunsa ana uwezo wa kuzuia, hana uwezo wa kuingiza. Ukimpa elfu ishirini anakupitisha mlango wake, mlango wa pili una mtu mwingine, na pesa imekwenda. Hizi pasi za shingoni nazo zina rangi: ya wafanyakazi wa jukwaa haikufikishi chumba cha msanii.

Mwandikie promota wiki mbili kabla. Mistari minne: wewe nani, umechora nini na picha ya mchoro wenyewe, unaomba dakika moja kabla ya shoo, unakuja peke yako. Hilo la "peke yangu" ndilo linalofungua mlango. Wanaoombewa nafasi ya mtu mmoja wakafika na binamu wanne wanaharibia wenzao kila mkoa.

Njia ya pili ni redio. Msanii akiingia mkoani kabla ya tamasha hupelekwa studio kuhojiwa. Mwanza mna Radio Free Africa na vituo vingine. Fuatilia ukurasa wa tamasha, ratiba ya mahojiano inatangazwa siku hiyo hiyo au jana yake. Nje ya studio watu ni wachache kuliko uwanjani, kuna mwanga wa mchana, na yeye hajachoka. Ukikosa kumkabidhi yeye, mpe msaidizi wake bomba huku mpiga picha wa msafara akiona. Huyo mpiga picha ndiye anayeamua nini kinarekodiwa, na kisichorekodiwa hakipostiwi.

Bi Hesabu

Huyo wa 85,000 ni tapeli. Hana tofauti na wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" na wa "jiunge Freemason", kabadilisha fulana tu. Meneja wa kweli hamfuati shabiki WhatsApp kumuuzia nafasi, na malipo ya tamasha hayaendi kwenye laini ya mtu binafsi.

Ukitaka kumthibitisha bila kubishana naye:

Anza kama unamtumia pesa, jina la mwenye laini litatokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, kisha futa muamala. Akikwambia jina ni la "mhasibu", umeshajibiwa.

Kama ana ukurasa wa Instagram, gusa jina la ukurasa lililo juu, utaona sehemu inayoeleza kuhusu akaunti: ilifunguliwa lini, iko nchi gani, imebadilisha jina mara ngapi. Ukurasa wa "menejimenti" uliofunguliwa miezi miwili iliyopita na kubadilishwa jina mara nne hauhitaji uchunguzi zaidi. Tiki ya bluu siku hizi isikutishe. Tangu 2023 Meta wanaiuza kwa malipo ya kila mwezi. Inaonyesha kwamba mwenye akaunti alithibitisha utambulisho wake, haisemi kama ana uhusiano wowote na msanii wako.

Usikubali sauti ya WhatsApp wala video fupi kama ushahidi, sauti ya staa sasa inatengenezwa na kompyuta. Ushahidi ni kitu kinachotokea kwenye ukurasa rasmi wa msanii au wa tamasha, basi.

Ujumbe wake usambaze kwenda 15040, ni namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ukiwa hapo piga *106# uangalie kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na kama mtu ameshatuma pesa, asianze kumbembeleza tapeli. Apige huduma kwa wateja wa mtandao wake dakika hiyo hiyo waizuie kabla haijatolewa kwa wakala, halafu aende polisi achukue RB, yaani namba ya taarifa aliyoifungua.

Kuhusu inboksi: haujapuuzwa, haujasomwa. Mtu asiyekufuata, ujumbe wako unaingia kwenye folda ya maombi, na wenye maneno ya kutiliwa shaka wanafichwa zaidi ndani. Pia mpaka akubali unaruhusiwa ujumbe mmoja wa maandishi tu, bila picha. Kwa hiyo mchoro wako usiutume huko. Uposti kwako, mtaje.

Dulla wa Pasiansi

Kutetemekea binadamu anayekula ugali kama wewe! Mpelekee mama yako hiyo picha.

Mzee wa Santuri

Dulla, mama yake atachorwa yake. Swali la kijana ni la maana.

Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya watazamaji wa televisheni waliojenga ukaribu wa upande mmoja na watangazaji. Mtangazaji anatazama kamera, anazungumza kama na rafiki, na mtazamaji anaanza kujisikia anafahamiana naye. Ubongo hauna sehemu maalumu ya "watu wa kwenye skrini". Uso unaouona kila siku, sauti unayoisikia ukiamka, unaviweka kwenye kundi la watu wako. Siku unapomkuta amesimama mbele yako, wewe unakutana na mtu wa miaka kumi, yeye anakutana na mgeni. Mtetemeko unatoka hapo. Na wengine wanarudi nyumbani wamenuna kwa sababu staa "alijidai", kumbe alimsalimia mgeni kama mgeni anavyosalimiwa.

Zamani pengo hilo lilikuwa dogo. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri zikafika mbali, lakini watu wa Ng'ambo, Unguja, walikuwa wakimsikia akiimba mtaani kwao. Umaarufu na kufahamiana vilikaa nyumba moja. Leo msanii anaingia chumbani kwako kwa simu, anakuonyesha chai anayokunywa na mtoto wake anavyotambaa, na bado kati yako na yeye kuna meneja, msaidizi na baunsa.

Usidhani ukaribu huo ni wa uongo kwa sababu hauna majibu. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika Leaders Club kumuaga ulikuwa na watu wengi ambao hawakuwahi kuonana naye, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Januari 2020 Mbwana Samatta aliposajiliwa Aston Villa, Watanzania walivamia kurasa za klabu hiyo kana kwamba ndugu yao kahamia pale. Na kwa namna fulani alikuwa ndugu, kwa sababu kushabikia kunakupa watu wa kuzungumza nao. Timu Kiba na Timu Diamond wanajuana wao kwa wao kuliko wanavyowajua hao wasanii.

Tahadhari yangu ni kwa machawa. Chawa anaishi kwa kuonekana karibu na staa, na bidhaa yake ni neno "mshkaji wangu". Ukimsikia mtu anamtaja msanii kwa jina la nyumbani, tena kwa sauti, mbele ya watu wasiomjua, weka mkono kwenye pochi. Wanaomjua kweli hawana haja ya kukutangazia, na namba yake hawaigawi. Usiiombe pia. Namba ya mtu ni taarifa binafsi, na sheria ya ulinzi wa taarifa hizo ya mwaka 2022 inamlinda staa kama inavyokulinda wewe.

Mchora Penseli

Wakuu, nimewaelewa. Tapeli nimeshamblock na 15040 nimetuma. Mawili yamebaki. Tangazo linasema tiketi ya VVIP ni "karibu na msanii". Ndiyo nitakutana naye? Na hiyo dakika moja niitumieje?

Kebo Nyeusi

VVIP kwa matamasha yetu ni kiti, meza, kinywaji na kukaa mbele. "Karibu na msanii" maana yake karibu na jukwaa. Kabla hujalipa muulize promota kwa maandishi: kukutana kumo kwenye tiketi au hakumo, ni kabla au baada ya shoo, na picha inapigwa na nani. Akijibu "tutaangalia siku hiyo", hakumo.

Dakika yako igawe hivi. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa kikavu kabla hujaingia, mifukoni inashika mafuta na usiku kila taa inakuwa ukungu. Kamera iwe wazi tayari, mwanga wa skrini juu, simu umpe mtu wa msafara, usijipige mwenyewe. Simameni taa ikiwa mbele yenu. Taa ya chumba ikiwa nyuma ya vichwa, nyuso zinakuwa nyeusi. Mchoro utoe kwenye bomba ukiwa bado nje, la sivyo nusu ya dakika inakwisha unavuta karatasi iliyonasa. Karatasi iliyoviringishwa hujirudi, kwa hiyo shika ncha za juu wewe, yeye ashike za chini. Salamu, jina lako, sentensi moja juu ya mchoro, picha, asante, toka. Usimshike bega bila idhini. Usimpe demo ya rafiki yako. Usimwambie "niposti".

Kuposti kunaandaliwa kabla. Tengeneza video ya wima ya sekunde 20 hadi 30 inayoonyesha karatasi tupu mpaka macho yanakamilika, weka wimbo wake mpya, iwe hewani siku mbili kabla ya shoo, mtaje yeye, tamasha na mpiga picha wake. Anayeshika ukurasa wa msanii safarini anatafuta vitu vya kuweka kwenye stori. Kitu kilicho tayari, wima na chenye wimbo mpya, kinamrahisishia kazi.

Bi Hesabu

Nyongeza. Ulichora kwa kumtazama au kwa picha ya mtandaoni? Kama ni ya mtandaoni, ile ina mpiga picha wake, na hakimiliki kwa kawaida ni yake. Kumpa msanii nakala moja kama zawadi hakuna atakayekusumbua. Ukitaka kuuza nakala au fulana, omba ruhusa ya mpiga picha, na ya msanii kwa sura yake, zote kwa maandishi. Saini yako iweke chini kulia ndani ya mchoro wenyewe, siyo pembezoni mwa karatasi, maana ikipostiwa itakatwa iwe mraba na pembezoni ndiko kunakotangulia kupotea.